MALI BILA DAFTARI: Kumbukumbu za serikali zinapoingia kwenye kompyuta



Wazee wetu wamesema, mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii twaisikia sana katika mikutano yetu, hasa siku mweka hazina anapoulizwa hesabu akabaki kukuna kichwa. Lakini katika toleo hili hatutaki kuzungumzia daftari la kikundi peke yake. Twataka kuuliza swali kubwa zaidi: daftari la serikali liko wapi siku hizi? Nani analitunza? Na likipotea, ni nani atakayelia?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Ulikwenda ofisini, karani akaingia chumba cha nyuma, akarudi na faili lenye vumbi. Ukaliona kwa macho yako. Leo karani anabonyeza, anatazama kioo cha kompyuta, kisha anakwambia, "Mama, huonekani kwenye sistimu." Basi. Hakuna chumba cha nyuma cha kwenda kutazama. Na wewe umeshalipa nauli ya matatu, na nyumbani umeacha watoto.

Neno hilo la "huonekani" ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Kwa maskini kumbukumbu si karatasi tu, ni haki. Pensheni, shamba, kitambulisho, basari ya mtoto na cheti cha kikundi hutegemea maandishi yaliyowekwa mahali fulani na mtu fulani.

KUMBUKUMBU NI NINI HASA?

Si kila maandishi ni kumbukumbu. Ukiandika kwenye kikaratasi "shilingi 3,000", hiyo ni habari tu. Ukipewa risiti yenye namba, tarehe, jina lako, namba ya ploti na muhuri wa ofisi, hapo umepata kumbukumbu, yaani ushahidi wa jambo lililotendeka.

Kumbukumbu nzuri ina mambo manne. La kwanza ni lile lililoandikwa. La pili ni nani aliyeandika na lini. La tatu ni kazi gani iliyokuwa ikifanyika hata ikaandikwa. La nne ni hakika kwamba haijachezewa tangu siku hiyo.

Sisi Wakatoliki tuna mfano mzuri parokiani, nao ni daftari la ubatizo. Mtoto akibatizwa parokia moja, na baadaye akafunga ndoa parokia nyingine, habari ya ndoa hurudishwa kule alikobatizwa na kuandikwa kando ya jina lake. Ndiyo maana paroko anaweza kujua mambo ya mtu hata baada ya miaka 40. Jina, tarehe, padre na mashahidi viko mahali pamoja, na aliyeandika anajulikana.

Kwenye kompyuta mambo yale yale manne yanahitajika. Tofauti ni kwamba hayaonekani kwa macho. Wino ukifutwa, alama hubaki kwenye karatasi. Herufi za kompyuta zikifutwa, haibaki alama yoyote, isipokuwa kama mfumo wenyewe umetengenezwa kuandika nyayo: afisa fulani aliingia saa fulani, akabadilisha jambo fulani. Mfumo usioandika nyayo ni sawa na daftari lililoandikwa kwa penseli, na raba imewekwa juu ya meza.

TUANGALIE HAPA KWETU KILINDINI

Jina la Kilindini latokana na kilindi, maji ya kina kirefu, na kwa sababu ya kina hicho meli kubwa zikaja. Na palipo na meli pana makaratasi. Kila kasha la mzigo lina habari zake: latoka wapi, lina nini, la nani, limelipiwa ushuru gani.

Ushuru ulipelekwa kwenye mfumo wa kompyuta ulioitwa Simba mwaka 2005, chini ya Mamlaka ya Ushuru ya Kenya. Mamlaka ya Bandari nayo ikaleta mfumo wake mwaka 2008, unaoitwa KWATOS, na herufi yake ya kwanza husimamia Kilindini yenyewe. Baadaye ushuru ukahamishiwa mfumo mwingine, iCMS. Mnaona? Kwa muda mfupi tu, mzigo ule ule wa bandari umepita katika daftari la karatasi, mfumo wa kwanza na mfumo wa pili. Kila uhamisho una swali lake: je, ya zamani yalikwenda yote, au mengine yaliachwa njiani?

Sasa tuache makasha, tumtazame binadamu. Tuchukue mfano wa mzee aliyeanza kupakua mizigo Kilindini mwaka 1974, akiwa kijana wa miaka 20. Wakati huo kazi ilikuwa chini ya kampuni ya enzi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Mwaka 1978 ikaundwa Mamlaka ya Bandari ya Kenya, lakini kazi ya mizigo ikabaki kwa kampuni ya Kenya Cargo Handling Services. Mwaka 1986 kampuni hiyo ikaunganishwa na Mamlaka. Mzee wetu akastaafu mwaka 2009.

Hajahama meza wala geti, lakini mwajiri wake amebadilika jina mara mbili, na kumbukumbu zake zimeanza kwa kalamu zikaishia kwa kompyuta. Weka pia michango yake ya NSSF, mfuko ulioanzishwa mwaka 1965. Pete moja ya mnyororo huo ikikatika, kwa mfano jina likiandikwa "Juma Ali" mahali pamoja na "Ali Juma" mahali pengine, atakayezungushwa ofisi hata ofisi si mzee, maana pengine ameshatangulia mbele ya haki. Ni mjane wake.

Mambo ya ardhi ni hayo hayo. Hapa Pwani hati za mashamba na ploti zilianza kuandikishwa chini ya sheria ya mwaka 1908, iliyoleta ofisi ya msajili wa hati Mombasa. Kisha kuna desturi yetu ya nyumba bila ardhi, ambapo ukuta na bati ni vya mmoja na kiwanja ni cha mwingine. Kuna mali za wakfu. Kuna hati za mauziano za mababu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zimekunjwa ndani ya sanduku. Serikali ilizindua mfumo wa ardhi wa kompyuta unaoitwa Ardhisasa tarehe 27 Aprili 2021, ukianzia Nairobi. Lengo ni jema, kwani mafaili ya ardhi yalikuwa yakipotea na kurudi kama mizimu. Lakini tujue jambo moja: kosa lililokuwa kwenye karatasi, likiingizwa kwenye kompyuta, halitakasiki. Linabaki kosa, na sasa linatembea kwa kasi zaidi.

HATARI TANO ZA DAFTARI LA KOMPYUTA

1. Mashine huzeeka kabla ya mwenyewe.
Mwaka 1086 mashamba na mifugo ya Uingereza viliandikwa kitabuni kwa amri ya mfalme wa nchi hiyo. Kitabu hicho kinasomeka mpaka leo. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900, shirika la utangazaji la BBC lilitengeneza kumbukumbu mpya ya nchi. Watu zaidi ya milioni moja walichangia, wengi wao wakiwa watoto wa shule, na kazi yote ikawekwa kwenye diski za kisasa za wakati ule. Haikupita miaka 20, mashine za kuzisoma diski hizo zikawa adimu kabisa, na wataalamu wakalazimika kufanya kazi ngumu ya kuokoa yaliyomo. Kitabu cha ngozi kimeishi miaka 900, na diski ilikuwa taabani kabla ya miaka 20! Diski za kompyuta za kawaida huanza kuchoka baada ya miaka michache tu. Hapa Pwani kuna joto, unyevu na hewa ya chumvi, vitu vinavyokula chuma na nyaya. Mchwa hawali kompyuta, lakini kutu inakula.

2. Nakala ni moja tu.
Tarehe 26 Septemba 2025, moto ulizuka katika kituo cha kompyuta cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini. Ulianzia kwenye betri. Ghala moja lililokuwa na kazi za maafisa wa serikali, lenye ukubwa wa terabaiti 858, liliteketea, na hapakuwa na nakala mahali pengine, kwa kuwa ilisemekana ghala ni kubwa mno. Korea ni nchi inayotutengenezea simu na televisheni. Ikiwa wao yamewapata, sisi nani tuseme hayatatufika?

3. Njia hukatika.
Intaneti yetu yapita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari, na nyingi hutia nanga hapa Mombasa. Februari 2012, meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini iliteremsha nanga mahali pasiporuhusiwa, ikakata waya wa TEAMS. Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zikakatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua. Tena usiku wa 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu Kenya nzima. Siku kama hizo kumbukumbu haijapotea, lakini huwezi kuifikia. Kwa mgonjwa anayengoja kibali au mwanafunzi anayengoja fomu, kutofikia ni sawa na kupotea.

4. Wavamizi, wa nje na wa ndani.
Julai 2023 mfumo wa eCitizen, ambao serikali ilikuwa imeingiza humo huduma zaidi ya 5,000, ulishambuliwa. Kikundi kinachojiita Anonymous Sudan kilisema ndicho kilichofanya. Waliujaza mfumo maombi ya uongo mengi hata wenye shida za kweli wasipite, kama watu wanaoziba mlango wa duka ili wateja wasiingie. Hata abiria wa treni ya Mombasa na Nairobi walisumbuka kupata tiketi. Serikali ilisema hakuna habari zilizopotea. Lakini mwizi wa ndani ni hatari zaidi kuliko wa nje, kwani yeye ana ufunguo. Afisa mmoja mwenye neno la siri la mwenzake anaweza kugeuza jina la mwenye ploti kabla ya chai ya saa nne. Ndiyo maana twasisitiza habari ya nyayo.

5. Ofisi hubadilika.
Mwaka 2013 mabaraza ya miji yalikwisha, na serikali za kaunti zikaanza. Mabaraza mengi yalikuwa yakitumia mfumo wa LAIFOMS kuandika reti na leseni. Kaunti zikaleta mifumo mipya. Mwenye kioski au ploti aliyelipa miaka yote na akatupa risiti, alitegemea kwamba mfumo mpya utamkumbuka. Kumbe mfumo haukumbuki kitu usichopewa. Mkataba wa kampuni iliyouleta ukiisha, na serikali haikuandika mapema kwamba habari ni mali ya wananchi, basi daftari letu laweza kubaki mikononi mwa mfanyabiashara.

OFISI NZURI HUFANYA NINI?

Tusome kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 32. Mji wa Yerusalemu umezingirwa na adui, na Yeremia yuko kifungoni. Hata hivyo ananunua shamba la binamu yake huko Anathothi kwa shekeli 17. Anatia sahihi mbele ya mashahidi, anapima fedha kwenye mizani. Kisha anamkabidhi Baruku hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na nyingine iliyo wazi, na kumwagiza aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi.

Hebu fikirini. Nchi inaanguka, lakini hati imeandikwa vizuri, imeshuhudiwa, ina nakala ya kufungwa na nakala ya kusoma, na imewekwa katika chombo kinachostahimili. Yeremia aliamini kwamba siku moja watu watarudi na kununua mashamba tena. Kutunza kumbukumbu ni tendo la matumaini.

Ofisi ya leo inayotunza vizuri hufanya hayo hayo kwa njia ya kisasa:

(a) Huweka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae mbali na mji. Nakala iliyo kwenye chumba kile kile cha kompyuta si nakala, ni pacha atakayekufa siku moja na ndugu yake. Nchi ya Estonia iliona mbali, ikakubaliana na Luxembourg mwaka 2017 kuweka nakala za kumbukumbu zake huko, kama ubalozi.

(b) Huzijaribu nakala hizo. Kila baada ya muda, ofisi hufungua nakala ya akiba na kuona kama yasomeka. Akiba usiyoifungua huijui kama imeoza.

(c) Huhamisha kumbukumbu kutoka mashine kuukuu hadi mpya kabla ya ile kuukuu kufa, na kuhesabu: zilitoka ngapi, zimefika ngapi?

(d) Hutumia aina za mafaili zinazofunguka katika programu nyingi, si za kampuni moja tu.

(e) Huweka ratiba ya kutunza. Si kila kitu kidumu milele. Tangazo la mkutano wa wiki jana laweza kufutwa, lakini hati ya ardhi na rejesta ya vizazi na vifo hazifutwi. Anayeamua asiwe karani mwenye haraka.

(f) Humpa kila afisa neno lake la siri, na mfumo huandika nyayo zake.

(g) Haitupi karatasi za asili kwa sababu tu zimeskaniwa. Kwanza huhakikisha picha ni nzima, kurasa zimetimia, na majina yamesomwa sawasawa.

SHERIA INATUPA NGUVU GANI?

Watu wengi hudhani mambo haya ni hisani ya serikali. La hasha, ni wajibu wake.

Idara ya Nyaraka za Taifa ilianzishwa kwa sheria mwaka 1965, na ofisi za umma haziruhusiwi kuharibu kumbukumbu kienyeji bila idhini yake. Tulijifunza kwa uchungu umuhimu wa jambo hilo. Wakoloni walipoondoka mwaka 1963 walisafirisha mafaili mengi ya Kenya kwenda Uingereza, na mengine waliyachoma. Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London, serikali ya Uingereza ikakiri kwamba mafaili hayo yapo, yamefichwa Hanslope Park. Mwaka 2013 ikakubali kuwalipa fidia Wakenya zaidi ya 5,000. Faili lililofichwa miaka karibu 50 liliwasaidia wazee kuaminiwa.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na pia haki ya kutaka habari ya uongo inayomhusu irekebishwe au ifutwe.

Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yasema ofisi ya umma itunze kumbukumbu zake vizuri na kuziingiza kwenye kompyuta. Mwananchi anaweza kuomba habari kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo, na afisa anapaswa kumwandikia. Kuomba hakulipiwi, ila waweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Jibu litoke ndani ya siku 21. Usipojibiwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo yasema habari zako zisichukuliwe ovyo wala kugawanywa ovyo. Mwaka huo huo wa 2019 tulipiga foleni za Huduma Namba. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikaamua kwamba zoezi la kutoa kadi hizo halikufuata sheria, kwani hatari kwa habari za watu hazikupimwa kwanza. Kukusanya ni jambo moja, kutunza ni jambo jingine.

NA SISI VIKUNDINI TUFANYE NINI?

Hatuwezi kuingia chumba cha seva, lakini tunaweza kuwa na daftari letu la pili, kama ile hati ya wazi ya Yeremia. Ofisi ikisema "huonekani", sisi tuseme, "Naonekana, hii hapa."

1. Hakikisheni majina. Kila mwanakikundi alinganishe kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, NSSF, na hati ya ploti. Herufi moja ikitofautiana, arekebishe leo akiwa hai na ana nguvu ya kutembea. Usimwachie mjane kazi hiyo.

2. Risiti za mashine hufifia. Zile karatasi laini zinazotolewa na mashine ndogo hupotea maandishi kwa joto. Zitoleeni nakala mara moja, au zipigeni picha. Risiti ya eCitizen ipigeni chapa na kuiweka failini, pamoja na ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya malipo.

3. Andikeni namba. Kila mara mnapohudumiwa, andikeni daftarini: tarehe, ofisi, shida iliyowapeleka, namba ya ombi, na jibu mlilopewa. Mstari mmoja tu watosha. Siku ya ubishi mstari huo ni dhahabu.

4. Simu si sanduku. Picha ya cheti ikikaa kwenye simu ya katibu peke yake, simu ikitumbukia majini pale Likoni, cheti nacho kimezama. Tumeni nakala kwenye barua-pepe ya kikundi, na nyingine wekeni kwenye flashi kwa mtu mwingine. Kundi la WhatsApp ni mahali pa kupashana habari, si ghala.

5. Neno la siri si mali ya mtu mmoja. Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, vikundi vyetu vina sheria yake maalumu, na cheti huhitaji kufanywa upya. Tumeona vikundi vikikwama kwa sababu barua-pepe na namba ya simu iliyotumiwa ni ya katibu wa zamani, naye ameolewa Malindi au mmegombana. Siku ya kukabidhiana madaraka, pamoja na mhuri na madaftari, kabidhianeni pia barua-pepe na neno lake la siri, mbele ya mashahidi, kisha libadilisheni.

6. Karatasi za asili msizitupe. Weka hati ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya bati lenye mfuniko, juu, mbali na sakafu. Hati za zamani za herufi za Kiarabu msizibandike gundi wala selotepu. Mtafuteni anayezisoma aeleze yaliyomo, na maelezo hayo yaandikwe kando.

7. Ulizeni kwa pamoja. Mtu mmoja akiuliza ataambiwa arudi kesho. Kikundi cha watu 20 kikiandika barua yenye tarehe na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, hujibiwa. Katika baraza na vikao vya bajeti ya kaunti, ulizeni: nakala za kumbukumbu zetu zinakaa wapi? Mfumo ukibadilishwa, za zamani zitahamishwa na nani? Mara ya mwisho nakala ya akiba ilijaribiwa lini?

WALE WASIOMO KABISA

Tusisahau ndugu zetu ambao tatizo lao si kupotea kwenye kompyuta. Hawakuwahi kuandikwa. Wamakonde wa Kwale waliishi hapa vizazi kadhaa, wakifanya kazi katika mashamba ya mkonge, bila kitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki, na baada ya hapo wakatambuliwa. Jamii ya Wapemba nayo ikatambuliwa mwaka 2023. Kompyuta ina tabia ya kuwafanya walioandikwa waonekane haraka, na wasioandikwa wapotee zaidi. Wazee wanaofanya kazi za sulubu, alama zao za vidole zimelika kwa makamba, majembe na simenti, na mashine huzikataa. Mzee kama huyo si mwongo. Vidole vyake ndiyo kumbukumbu ya kazi yake. Kikundi kimsindikize ofisini, kidai afisa atumie njia nyingine ya kumtambua.

Hatusemi kompyuta ni mbaya. Mafaili ya karatasi yaliliwa na mchwa, yakanunuliwa na matajiri, yakafichwa na makarani. Kompyuta ikitunzwa vizuri humsaidia mama wa Majengo kupata cheti bila kumjua mtu mkubwa. Lakini haijitunzi yenyewe. Inatunzwa na watu waaminifu, pesa za kununua mashine mpya, sheria zinazofuatwa, na wananchi wanaouliza. Hayo manne yakikosekana, hata sistimu ya mamilioni ni mtungi uliotoboka.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni wangapi kati yetu ambao majina yao yanatofautiana katika hati mbili au zaidi? Tumsaidie nani kwanza?

2. Cheti cha kikundi na kitabu cha benki vina nakala ngapi, na zinakaa kwa nani?

3. Nani ana neno la siri la barua-pepe ya kikundi? Akisafiri leo, nani mwingine anaweza kuingia?

4. Katika kijiji au mtaa wetu kuna mjane, yatima au mzee gani aliyeambiwa "huonekani"? Tumwandikie barua ya kuomba habari wiki hii, na siku ya 21 baada ya hapo tuiweke alama kwenye kalenda.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu. Na daftari liwe karibu.